Shahidi wa Shakwe Mweupe

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili ya kuhesabu ndege, gari dogo la kijani la Clifford Gotts lilisimama mbele ya lango langu na honi ikalia mara moja. Huyo hapigi ya pili. Alikaa mle ndani, mikono kwenye usukani, macho mbele, na mimi huku ndani nahangaika kuvaa soksi za pili juu ya za kwanza huku nikimtukana kimoyomoyo. Ilikuwa Februari, giza halijaondoka vizuri, na upepo ulikuwa unatoka kaskazini mashariki, ule usiomzunguka mtu bali unaompitia katikati.

"Umelala?" akaniuliza nilipofungua mlango wa gari.

"Nimekufa. Unaongea na mzimu."

"Basi mzimu ufunge mlango, baridi inaingia."

Hayo yalikuwa mazungumzo yetu mpaka baharini. Yalikuwa majira yetu ya tisa ya baridi. Kuanzia Septemba hadi Machi, Jumapili moja kila mwezi, tulikuwa tukitembea ufuko wa Sallby kutoka maegesho ya magari mpaka mdomo wa kijito, wakati maji yamejaa, tukihesabu kila ndege aliyesukumwa na bahari juu ya mchanga. Cliff anahesabu, mimi naandika. Yeye aliianza kazi hiyo miaka thelathini na moja nyuma, akiwa bado dereva wa lori la kupeleka viazisukari kiwandani. Mimi niliingia baada ya mume wangu Dennis kufariki, nikiwa nimeshastaafu posta na sina kazi Jumapili ila kugombana na redio.

Kijiji kilisema sana mwanzoni, mjane na mume wa mtu wanakwenda kufanya nini kwenye vilima vya mchanga asubuhi yote ile. Glenys, mkewe Cliff, ndiye aliyewanyamazisha. Alisimama dukani mbele ya watu akaniambia, "Thelma, mchukue kabisa ukitaka. Ila ukimrudisha, mrudishe mkavu."

Ninachotaka kusimulia kinamhusu Cliff, na humwelewi Cliff bila habari ya gunia.

Miaka ishirini na sita iliyopita, jioni moja ya Desemba, akirudi na lori tupu, aliona bundi mweupe wa theluji ametua kwenye uzio wa shamba. Ndege huyo akionekana pande zetu watu huacha harusi. Cliff alikimbia hadi kibanda cha simu akatangaza. Kesho yake alfajiri walikuwa wamefika watu arobaini, wengine kutoka miji ya mbali, wamepanga darubini zao za miguu mitatu kando ya barabara. Kukapambazuka. Kwenye uzio lilikuwa limenasa gunia la plastiki la mbolea, jeupe, pembe yake moja inapepea.

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga, yangekwisha. Walicheka, wakakunja darubini, wakaenda kula soseji na mayai mkahawani, na kuanzia siku hiyo jina lake likawa Gunia. Mpaka leo unaweza kuwa umekaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege, umenyamaza na themosi yako, ukasikia sauti nyuma: "Cliff, lako limeonekana tena, safari hii la kilo hamsini!" Kwa watu wa ndege, aliyewahi kutangaza ndege asiyekuwepo haaminiwi tena. Akisema ameona shomoro, watatoka nje kuhakikisha.

Na hesabu zake za miaka thelathini na moja, zile tulizozifanya kwa pua kutiririka, haziandikwi jina. Zinatiwa kwenye jumla ya wilaya basi. Mwenye jina ni aliyeona ndege adimu. Huyo kila mwaka huchapwa kwenye kitabu cha jumuiya ya watazama ndege: ndege, mahali, tarehe, na kwenye mabano jina la aliyeona.

"Mimi sitaki kaburi la marumaru," Cliff aliniambia siku moja tukitafuna mikate ya jibini. "Nataka mstari mmoja. Ndege, Sallby, tarehe, C. Gotts. Halafu nife hata kesho."

"Nunua kamera, basi. Utaupata mstari wako."

"Kamera ni ya mtu asiyeamini macho yake."

Jamani! Mtu ambaye hakuna anayeamini macho yake ndiye angetakiwa kutembea na kamera mbili shingoni. Nilimwambia hivyo, nikamwambia tena kila mwezi kwa miaka tisa, na kila mwezi alinijibu kwa kupangusa lenzi ya darubini yake ya mwaka arobaini na saba na kutazama baharini. Haambiliki. Ana daftari la jalada gumu na penseli iliyofungwa kwa uzi, na hivyo viwili ndivyo anavyoviamini.

Basi Jumapili ile ya Februari ilianza vibaya ikaendelea vibaya. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, walikuwa wamejikusanya kwenye ukingo wa maji, kundi zuri, wamefumba macho na kuupa upepo migongo. Cliff akaanza kuwahesabu kwa sauti ya chini, kumi, ishirini, thelathini. Alipofika mia moja na themanini akaja mbwa wa manjano kutoka kusikojulikana, akapita katikati yao mdomo wazi, vitwitwi wote wakaruka. Wakazunguka, wakatua mbele. Tukawafuata. Akaanza upya. Alipofika mia moja na arobaini, mbwa yule yule.

"Mama, tafadhali mshike mbwa wako!" nilimpigia kelele mwenye mbwa, mwanamke aliyekuja nyuma akiwa amevaa kofia nyekundu.

"Anacheza tu!" akajibu kutoka mbali. "Hajawahi kumkamata hata mmoja!"

"Angekamata mmoja tungejua pa kuanzia kuhesabu!"

Cliff alitazama baharini. Hilo nalo linaniudhi. Mimi ndiye nagombana na watu wa mbwa miaka yote, yeye anasimama kama hamjui mwenzake, kisha anasema, "Kumi, ishirini." Tulipomaliza vitwitwi mara ya tatu vidole vyangu vilikuwa havihisi penseli. Theluji ya majimaji ikaanza kunyesha ubavuni. Nikamwambia mimi nakaa nyuma ya kilima cha mchanga nimimine chai, atake asitake. Akasema sawa, yeye anasogea mbele kidogo kutazama mzoga wa sili, mnyama wa baharini, uliotupwa na mawimbi.

Kifuniko cha themosi kilikuwa kimegoma. Nilikibana kwa magoti, nikakizungusha na glavu, bila glavu, kwa meno. Ndipo nikasikia, "Thelma."

Nilimsikia. Nasema kweli yangu, nilimsikia mara ya kwanza. Nilidhani ananiita nikaandike ndege wawili aina ya sululu, na nikajisemea moyoni, sululu watangoja, leo na mimi nangojwa.

"Thelma. Njoo. Taratibu."

"Namimina chai!"

"Achana na chai!"

Hapo nikashtuka. Miaka tisa mtu huyu hajawahi kuniambia niachane na chai. Nikainuka, kifuniko kikaamua kufunguka wakati huo huo, chai yote ikanimwagikia mapajani, mvuke ukanipanda usoni. Nikainua darubini yangu kwenye macho, nikaona ukungu. Nikaipangusa kwa glavu ya sufu iliyolowa, nikaona ukungu wenye michirizi. Na katika kuhangaika huko nikamsikia mbwa akibweka kule kwenye mzoga, na mwanamke wa kofia nyekundu akiita. Nikashusha darubini. Kitu cheupe kilipita juu ya kilima cha mchanga, kikainama na upepo, kikatoweka upande wa bara.

Kitu cheupe. Hicho ndicho nilichokiona.

Cliff aligeuka. Nimemfahamu mtu huyo tangu akija dirishani kwangu posta kununua stempu, na sijawahi kumwona na uso ule. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na siwezi kusema yote yalikuwa ya upepo.

"Shakwe wa barafuni," akasema. "Mweupe wote. Kutoka kule juu kabisa kwenye barafu, Thelma, ambako hakuna hata watu. Alikuwa anakula sili. Umemwona?"

Ningesema nini? Niseme nilikuwa nimekununia nyuma ya kilima? Alisimama mbele yangu theluji imemjaa kwenye nyusi, anangoja.

"Nimemwona," nikasema.

Akanikumbatia. Cliff Gotts, ambaye hata kwenye mazishi ya Dennis alinipa mkono tu. Kisha akaniachia haraka kana kwamba nimemuunguza, akageuka, akachuchumaa, akaanza kuandika kwenye daftari akiwa amelikinga kwa mwili wake wote.

"Alikuwa na..." nilianza, nikitumaini atanijazia.

"Usiniambie kitu!" akasema bila kuinua kichwa. "Kila mtu aandike lake. Unajua sheria."

Naijua. Ndege adimu akiwa ameonwa na wawili, kila mmoja anaandika maelezo yake peke yake, hawazungumzi, hawafungui kitabu cha picha, na kamati ya jumuiya inalinganisha. Ni sheria ya kukamata waongo. Wengi huikanyaga, wanaandikiana kwenye gari. Cliff haikanyagi. Baada ya gunia aliamua kwamba hatakanyaga sheria yoyote tena maishani, na akaanza hata kusimama kwenye taa nyekundu za barabara iliyo tupu.

Cliff alitangaza kwa simu, na saa sita walikuwa wamefika watu kumi na wawili, wakiongozwa na Julian Fairhurst, katibu wa kamati, kijana wa miaka hamsini mwenye darubini kubwa kuliko bomba la moshi. Wakatafuta ufuko wote. Ndege hayupo. Mzoga upo, mbwa keshaenda nyumbani kupumzika.

"Haya, Cliff," akasema mmoja wao, "hili la leo lilikuwa na mabawa?"

"La mbolea ya ng'ombe au ya kiwandani?" akadakia mwingine, wakacheka ndani ya kola zao.

Cliff hakukasirika. Alinielekeza kwa kidole. "Muulizeni Thelma. Naye kamwona."

Wote wakanigeukia. Mimi nimekaa kwenye dirisha la posta ya Sallby miaka thelathini na mbili. Sijapoteza barua, sijafungua barua, sijamwambia mtu barua ya mwenzake imetoka wapi, na si kwamba sikuulizwa. Watu wale walilijua hilo. Niliona vicheko vinawatoka usoni kimoja kimoja.

"Ni kweli, Bi Thelma?" Julian akauliza, kwa sauti nyingine kabisa.

"Nilimwona. Mweupe." Hilo lilikuwa kweli mpaka hapo.

"Basi mtajaza fomu. Wote wawili."

Fomu ikaja Jumanne. Niliiweka mezani jikoni nikaitazama siku mbili. Ukubwa wa ndege. Kichwa. Mdomo, umbo na rangi. Mabawa, juu na chini. Miguu. Namna ya kuruka. Siku ya tatu nikampigia Cliff simu.

"Cliff, ule mdomo wake, unakumbuka..."

"Thelma!" Akakata.

Nikapiga tena. Akapokea Glenys. "Anasema haongei na wewe mpaka utume fomu," akaniambia. "Amejifungia bafuni. Mmegombana?"

Niliiweka simu chini nikaipiga meza ngumi. Ningemwambia ukweli, angenisikiliza vipi mtu aliyejifungia bafuni? Na nikimwambia, wanasalia na neno la Gunia peke yake, ambalo halina thamani. Fomu yangu isipofika, ndege hayupo. Ikifika nusu, ndege hayupo. Nikapanda juu nikashusha kitabu cha ndege cha Dennis, kile kizito chenye picha za rangi, nikakifungua kwenye shakwe. Nilikasirika nikiwa naandika. Nilimkasirikia yule mbwa, na Julian, na themosi, na Cliff zaidi ya wote kwa kuwa mwaminifu kiasi hicho cha kumsumbua mtu. Niliandika mwili mweupe wote. Niliandika mdomo wa kijivu wenye ncha ya manjano. Kitabu kilisema uangalie sana miguu, maana kuna shakwe wengine weupe wenye miguu ya rangi ya waridi na watu huwachanganya, ila huyu miguu yake ni myeusi, mifupi. Nikaandika: miguu myeusi, mifupi, ilionekana vizuri. Mwandiko wangu ni mzuri. Nikabandika stempu, nikatia kwenye sanduku la barua, nikajiambia nimemsaidia mwenzangu.

Kamati haina haraka. Machi ikapita, majira yetu ya kuhesabu yakaisha, vitwitwi wakarudi kwao kaskazini. Kiangazi chote Cliff aliotesha nyanya zake na kila tukikutana aliniuliza kama nimesikia chochote, na mimi nilisema nisikie kutoka kwa nani. Sasa tulikuwa tunaruhusiwa kuzungumza, fomu zimekwenda, lakini ikawa zamu yangu kukwepa. Akianza, "Ulivyomwona ukaonaje, Thelma?" nilikumbuka nimeacha kitu jikoni. Aliniona nina haya. Glenys aliniambia mumewe anasema mimi ni mtu mnyenyekevu, nikakosa pa kutazama.

Oktoba, kwenye maegesho ya magari, Julian akatujia akitabasamu. "Kamati imekubali shakwe wa Sallby," akasema. "Mtaona kwenye kitabu."

Cliff alivua kofia. Alisimama na upara wake kwenye upepo, akasema, "Ahsante," kisha akasema tena, "Ahsante," kisha akaenda kusimama nyuma ya gari lake kwa muda. Wiki tatu zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Alisalimia mbwa. Glenys alioka keki ya matunda makavu akaiandika juu kwa sukari SHAKWE, akanikatia kipande kikubwa, na nilikila chote nikiwa nimesimama maana kukaa nilishindwa. Mtu mmoja alimwita Gunia pale dukani, Cliff akamwambia kwa upole, "Subiri Novemba, bwana."

Novemba kitabu kikaja kwa posta. Nilikifungua ukumbini nikiwa bado na koti. Ukurasa wa sitini na nne. Shakwe mweupe wa barafuni, mmoja, ufuko wa Sallby, Februari. Na kwenye mabano, T. Pask.

T. Pask ni mimi.

Niligeuza ukurasa. Nikarudi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kumchosha mtu macho, palikuwa na maneno haya: maelezo ya shahidi wa pili hayakutosha. Shahidi wa pili! Nilimpigia Julian simu papo hapo.

"Mmefanya nini? Aliyemwona ni Cliff!"

"Alikuonyesha, sawa, lakini tunatazama fomu, Bi Thelma," akasema, mwenye subira kama anaongea na mteja. "Yako ilikuwa kamili. Miguu ndiyo iliyoamua. Yeye kaandika kurasa tatu, nzuri kweli, halafu kwenye miguu kaandika hakuiona. Bila miguu angeweza kuwa shakwe yeyote mweupe. Na kwa historia yake, unaelewa."

Nilielewa. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbini. Nilifikiri nimfiche kitabu, nikaona upumbavu wangu, naye ni mwanachama, chake kimetupwa mlangoni asubuhi ile ile. Nikavaa viatu nikaenda kwake kwa miguu, nikipanga njiani nitakavyoitukana kamati mbele yake. Nilikuwa na maneno mengi mazuri.

Glenys alinifungulia. Alinionyesha sebuleni kwa kichwa. Cliff alikuwa mezani na miwani ya kusomea, kitabu kimefunguliwa upande mmoja, na upande mwingine lile daftari la jalada gumu.

"Cliff, watu hawa hawana haya," nikaanza. "Nimempigia Julian, nimemwambia..."

"Kaa, Thelma."

Nikakaa.

"Nimempigia mimi pia," akasema. "Nilitaka kujua umewapa nini ambacho mimi sikuwapa. Kanisomea fomu yako." Akaweka kidole kwenye daftari. "Miguu myeusi, mifupi, ilionekana vizuri."

"Ndiyo."

"Alikuwa amesimama kwenye povu, nyuma ya sili. Povu lilikuwa limemfika tumboni. Nimemtazama dakika nne mpaka mbwa akaja, sikuona mguu hata mmoja. Aliporuka, alikuwa ameikunjia kwenye manyoya. Nilikuwa karibu naye kuliko wewe." Hakuwa amepandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Wewe uliiona saa ngapi?"

Kule jikoni Glenys alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Sikuiona," nikasema.

"Uliona nini?"

"Niliona kitu cheupe. Darubini ilikuwa na ukungu. Chai..." Nikaona aibu kuitaja chai. "Ulikuwa umeniita, nikachelewa. Nilichelewa makusudi, Cliff, nilikuwa nimekasirika. Halafu ukaniuliza na uso ule. Nilitaka upate mstari wako."

"Kitu cheupe," akasema.

"Ningefanyaje? Ulijifungia bafuni! Nilikupigia nikuambie, ukakata simu, mtu mzima, ukajifungia bafuni kwa ajili ya sheria!" Nilikuwa nalia sasa, na nililia kwa hasira. "Waambie mimi mwongo, basi. Waambie wanitoe jina waweke lako."

"Hawataweka langu. Wakikutoa wewe, wanamtoa na ndege."

"Basi tuache. Nani atajua? Wewe unajua ulimwona. Ndege yumo kitabuni, ni wako, watu wote wa Sallby wanajua ni wako."

Cliff alifungua droo ya meza, akatoa karatasi ya barua na kalamu, akavisukuma mbele yangu. Niliitazama ile karatasi. Nikamwambia, "Nikiandika hii, huna kitu tena. Wataanza upya na magunia yao."

"Najua."

"Miaka thelathini na moja, Cliff!"

"Najua ni mingapi." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya fulana, akaishika tu. "Jina wala si neno. Nilipoliona lako nilisema, sawa, Thelma naye kateseka na baridi. Unajua mwaka huu mzima nimelala nikifikiri nini? Kwamba wakiniita wanavyoniita, hakuna shida, maana yuko mtu mwingine mmoja duniani aliyemwona. Tulikuwa wawili." Akavaa miwani. "Kumbe nilikuwa peke yangu pale."

Nikasema naomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia akiambiwa duka limefungwa. Nikamwomba anieleze yule ndege, alikuwaje, angalau sasa nimjue. Alilifunga daftari akalirudisha kwenye droo.

Nikaandika barua pale pale mezani kwake, kwamba mimi Thelma Pask sikumwona ndege huyo, na kwamba maelezo yangu niliyatoa kwenye kitabu cha picha za ndege. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia. Nilikuwa nimekosea tarehe, akanionyesha kwa kidole, nikairekebisha.